Kitambaa cha Amplifaya

Sebuleni kwa Virginia, pale Kitengela, hakuna kitu kinachokaa uchi. Makochi yamevaa vitambaa, meza imevaa, televisheni imevaa, hata jagi la maji lina kofia yake yenye shanga pembeni. Vyote amevifuma kwa mkono wake, vyeupe na maua ya manjano, na kila Jumamosi huvifua, akavitia wanga na kuvirudisha mahali pake vikiwa vimenyooka. Mgeni akiingia hujua mara moja kwamba nyumba hii ina mama. Kitu kimoja tu ndicho kilichomshinda kukivisha, nacho ni amplifaya ya mumewe.

Mzee Mureithi alikuja na mtambo huo kutoka Magadi alipostaafu, wakati klabu ya wafanyakazi ilipokuwa ikitoa vitu vyake vya zamani. Alipata gramafoni, spika mbili za mbao zinazomfika mtu kiunoni, na makatoni ya santuri za jazi, ile jazi ya zamani kabisa ya tarumbeta, klarineti, tromboni na banjo. Amplifaya yenyewe ilikuwa bati tupu, juu yake taa za vioo zimesimama wazi, na ikiwashwa zinang'aa rangi ya chungwa. Virginia alipoiona mara ya kwanza alikimbilia uzi wake. Mureithi akamshika mkono. "Hii usiivishe," alimwambia. "Hii lazima ipumue."

Basi ikapumua. Miaka nenda miaka rudi ilipumua pale katikati ya vitambaa, na wageni wa Virginia wakawa wanaitupia jicho la pembeni kama mtu aliyekuja kanisani bila shati. Virginia alikuwa akijifanya haoni, lakini aliona, tena moyo ulimuuma.

Kila Jumapili baada ya kanisa, Mureithi huiwasha kwanza, kisha huenda kuoga inapopata moto. Akirudi huchagua santuri, huipangusa vumbi kwa brashi laini, huteremsha sindano na kuketi katikati ya spika, viatu kando. Hapo mzee ambaye wiki nzima hujibu kwa "mm" na "sawa" hugeuka mtu mwingine. "Sikiza huyo wa tromboni," atasema, "anamchokoza wa tarumbeta. Umesikia? Amejibiwa. Hawa watu hawachezi muziki, wanasengenyana." Virginia humwitikia kutoka jikoni kwamba amesikia, na kuendelea kumenya viazi. Adhana ikianza msikitini Mureithi hupunguza sauti, maana ukuta wao na wa jirani yao Kullow, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka upande wa Garissa, ni mmoja, na heshima ni heshima.

Sasa, Jumapili moja binti yao Kui alikuja kutoka Rongai, anakoishi na kufanya kazi, ili wapange ruracio yake. Wazee wa mchumba wake Kitonga wangefika Jumamosi ya wiki ya pili, wakiongozwa na baba yake, mzee Maweu, kutoka upande wa Machakos, kuja kuzungumzia mahari. Kui alikuwa amepanga kila kitu kwa simu. Lililobaki lilikuwa sebule.

"Spika za kukodi nimeshapata, ziko na besi noma," alisema. "Sasa Dad, hizi makabati zako zitaenda wapi? Tuziweke kwa stoo hiyo siku moja tu."

"Hizo si makabati."

"Dad, watu wa kina Kitonga watafikiria wamekuja matanga. Hiyo tarumbeta ni ya kuzika mtu."

Mureithi alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Kui, hema mlichagua nyinyi. Chakula mlichagua nyinyi. Hata suti nitavaa mlichagua nyinyi, na inanibana hapa kwa kwapa na sijasema. Mimi naomba kitu moja tu. Wageni wakishaketi, niwachezee santuri moja. Ikiisha, wekeni hizo zenu mpaka mabati itoke."

Kui alimwangalia mama yake amsaidie. Virginia aliangalia vitambaa vyake.

"Moja?" Kui aliuliza.

"Moja."

"Sawa, Dad. Lakini moja."

Mureithi alifurahi, na furaha yake ilionekana. Alikwenda kwenye makatoni, akachagua santuri ya siku hiyo papo hapo na kuiweka peke yake juu ya gramafoni, halafu akaiwasha amplifaya na kuingia bafuni akipiga mluzi.

* * *

Kui alikuwa ametoka kwenda kumwona mtu wa hema, na mluzi wa Mureithi ulikuwa bado unasikika bafuni, pale Linda na Soipan walipobisha. Hawa ni wenzake Virginia katika chama, na walikuwa wamekuja kuona kama nyumba iko tayari kwa wageni, yaani kuona kama kuna la kusema. Walizunguka sebule polepole. Soipan aliinua kitambaa cha mkono wa kochi, akakigeuza kuangalia mafundo ya nyuma, akakirudisha. Hakuna la kusema. Virginia alianza kupumua.

Kisha Linda akasimama mbele ya amplifaya.

"Na hii, Mama Kui?"

"Ni ya mzee."

"Haina cha kufunika?"

"Ndivyo inakaa."

"Eeh." Linda aliinamisha shingo. "Watu wa mahari waingie wapate hii imekaa hivi, na wewe ndiye ulitufundisha kufuma. Watasema nini?"

Uso wa Virginia ulichemka. Asikudanganye mtu, aibu ya kuchekwa sebuleni kwako mwenyewe ni aibu mbaya, na Virginia hakuwa na ngozi ngumu. Alifungua kabati ya vyombo, akatoa kitambaa ambacho alikuwa amekificha huko kwa muda mrefu: kinene, cha mikunjo miwili, kimefumwa kwa kipimo kamili cha ile amplifaya, maua ya manjano kila pembe. Alikifuma kwa matumaini tu, kama mtu anavyoshona nguo ya mtoto ambaye hajampata. Akakitandika juu ya vile vioo. Kilikaa sawasawa.

"Sasa imekuwa kitu," Soipan alisema.

Chai ikamiminwa. Wakaingia kwenye mazungumzo ya nani atapika pilau, nani haaminiki na chumvi, na shangazi gani asipewe nafasi ya kushika kipaza sauti. Virginia alisahau kabisa kwamba mtambo ule ulikuwa umewashwa. Kwani yeye aliujulia wapi, hakuwahi kuugusa.

Ilianza harufu. Linda alifikiri ni mandazi, Virginia akakimbia jikoni, akayakuta mandazi hayana neno. Alipogeuka alimkuta Soipan amepanda juu ya kochi na viatu vyake, na moshi unapanda kutoka kwenye maua ya manjano. Kioo kimoja kikalia pa, kisha kingine pa. Virginia alichomoa waya ukutani, akakinyakua kitambaa kikiwa na shimo la kahawia katikati, na hapo hapo akasikia mlango wa bafu ukifunguka. Hakuwa na mahali pa kukiweka. Alikisukuma ndani ya blauzi, kifuani, kikiwa bado cha moto, na uchungu wa jambo lile aujuaye ni yeye peke yake.

Mureithi aliingia na povu la sabuni kwenye sikio moja.

"Imelipuka yenyewe, Baba Kui," Linda alisema kabla hajaulizwa.

"Yenyewe kabisa," Soipan aliongeza, akishuka kutoka kwenye kochi. "Sisi tulikuwa tu tunakunywa chai."

Mureithi aliisogelea amplifaya. Taa mbili kubwa zilikuwa nyeusi ndani. Alizitazama, akamtazama Virginia, ambaye alisimama wima kama askari kwa sababu kuinama kungemuunguza zaidi.

"Mm," alisema Mureithi, akarudi bafuni kutoa sabuni sikioni.

* * *

Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Angeuliza maswali, Virginia angelia, angekiri, wangenuniana siku chache na maisha yangeendelea. Lakini Mureithi alikula chakula chake cha jioni, akasifu mboga, akasema kama mtu anayezungumzia kiatu kilichoisha, "Imezeeka. Mkiona mtu wa skrapu, wa vyuma vikuukuu, mpeni."

"Na ile santuri ya wageni?" Virginia aliuliza, macho yakiwa kwenye sahani.

"Kui ako na spika zake."

Usiku ule hakusema zaidi, wala kesho yake. Ile santuri aliyoichagua aliirudisha katoni. Kui alipopigiwa simu na kuambiwa, alisema, "Woi, Dad," kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu alipokuwa shule ya msingi. Hata yeye hakuwa amependa iishe hivyo.

Jumapili iliyofuata walitoka kanisani, Mureithi akaoga, akavaa, akaketi kwenye kiti chake katikati ya zile spika mbili. Alikuwa na gazeti. Virginia alikuwa jikoni na viazi, na viazi vilikataa kumenyeka. Kisu kilikwenda kombo. Alimenya kimoja, akapumzika, akamenya kingine, akatazama dirishani. Nyumba ilikuwa kimya hata akasikia gazeti likigeuzwa ukurasa. Adhana ilipoanza aliinua kichwa kusubiri muziki upunguzwe, akakumbuka hakuna cha kupunguza, na hapo machozi yakamtoka bila vitunguu.

Mlango wa nyuma ukabishwa. Alikuwa Jawahir, mke wa Kullow, na sahani ya sambusa mkononi.

"Mama Kui, kuna mgonjwa?"

"Hakuna."

"Mbona leo hakuna tarumbeta? Kullow amekaa akiangalia ukuta kama mtu amenyimwa chakula. Yeye husema hiyo ni kelele, lakini Jumapili huwezi kumtoa nyumbani mpaka iishe."

Virginia alimvuta Jawahir nje, wakaketi kwenye ngazi, akamwambia yote. Akamwonyesha na kitambaa, shimo na yote. Jawahir alikitazama, akapitisha kidole kwenye shimo, akaanza kucheka, na akicheka Jawahir huwa hawezi kujizuia. Alicheka mpaka akashikilia ukuta.

"Umechoma mashini na nguo?"

"Usicheke, Jawahir. Mzee amenyamaza. Na ni mimi nimemnyamazisha."

Jawahir aliacha kucheka, akamshika goti. "Kuna fundi Kajiado, anaitwa Njogu. Kullow akienda soko ya mbuzi hupita kwake. Alitengeneza redio ya marehemu baba yake Kullow, ile kila mtu alisema ni ya kutupa."

"Nitaitoaje hapa? Mzee amesema iende skrapu."

"Si iende," alisema Jawahir. "Skrapu ipandishwe kwa pikapu ya Kullow."

* * *

Siku ya soko Kullow alileta pikapu mlangoni mapema. Mureithi mwenyewe ndiye aliyeibeba ile amplifaya mpaka nje, hakutaka kusaidiwa. Kabla ya kuipandisha alitoa kitambaa chake cha mfukoni akaipangusa vumbi kila pembe, kama mzazi anayemfuta mtoto pua kabla ya kumpeleka shule ya bweni.

"Kullow, waambie wasipige hizi vioo nyundo," alisema. "Wazitoe polepole."

"Nitawaambia, mzee wangu," alisema Kullow, akitazama mlima kwa mbali. Kullow anaweza kumuuzia mtu mbuzi aliyechoka akaapa ni mtamba, lakini siku ile hakuweza kumtazama mzee machoni.

"Na wewe Mama Kui unaenda wapi?"

"Kuangalia mbuzi wa wageni," Virginia alijibu, na akapanda mbele haraka.

Duka la Njogu lilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko la Kajiado, redio mpaka darini. Njogu alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Aliizungusha amplifaya, akainusa. Aliinusa kweli, kama mtu anayenusa maziwa.

"Ilifunikwa," alisema.

"Haikufunikwa," Virginia alijibu.

"Ilifunikwa na uzi wa sweta."

"Fundi, nimekwambia ililipuka yenyewe."

Njogu hakubishana. Alivuta pazia lililokuwa nyuma yake. Ukutani kulikuwa na vitambaa, vimetundikwa kwa misumari kutoka juu hadi chini: vya waridi, vya bluu, vya kijani, chenye bata, chenye moyo, chenye maandishi ya karibu wageni, na kila kimoja kina shimo la kahawia katikati. "Hawa wote zao zililipuka zenyewe," alisema. "Huyu wa bata ni mke wa mchungaji. Huyu wa moyo amekuja mara mbili."

Virginia alivitazama vile vitambaa vya wanawake asiowajua, kazi nzuri, mafundo safi, akaanza kucheka taratibu, kisha kwa nguvu, mpaka Kullow aliyekuwa nje na mbuzi akachungulia. Ule mzigo aliokuwa ameubeba kifuani tangu siku ile ulilegea. Alifungua mkoba wake akatoa chake, akakiweka mezani. Njogu akakipa msumari wake.

"Mzee anajua?" aliuliza.

"Hajui."

"Mama, uzi ukiungua unanuka mpaka kwa jirani. Haya. Moyo wa mashini ni mzima. Hizi valvu mbili ndizo zimekufa. Niko na amplifaya ya zamani ya kanisa, nitatoa mbili huko, lakini lazima nizijaribu vizuri. Hucheza nini kwa hii? Kuna wa gospeli, kuna wa rumba, kila mtu na vile anataka isikike."

"Ni jazi. Ya zamani."

"Iko aje?"

Virginia hakuwa na maneno ya kuieleza, basi akaiimba. Alianza na tarumbeta, taratibu, kwa aibu kidogo. Kisha klarineti ikapanda juu yake kwa ulimi mwepesi, vidole vyake vikawa banjo kwenye meza ya Njogu, na pale tromboni inapoingia kwa kuchelewa kama mlevi anayetafuta mlango, aliingia nayo bila kukosea. Aliimba mpaka mwisho. Alipomaliza alishtuka mwenyewe. Hakuwa amejua kwamba anaijua.

"Kumbe ni yako," Njogu alisema.

"Ni ya mzee."

"Ya mzee, na umeimba yote mpaka ngoma?"

Virginia alijifunga leso upya bila sababu. Njiani kurudi hakumsikia Kullow akisema habari za bei ya mbuzi. Alikuwa akifikiri juu ya Jumapili zote alizosimama jikoni, na kwamba asingetaka kuishi hata Jumapili moja zaidi kama ile iliyopita. Aliitaka ile jazi irudi. Aliitaka kwa ajili yake mwenyewe, si kwa ajili ya mzee peke yake, na hilo alikuwa hajawahi kumwambia mtu, hata Mungu.

* * *

Valvu za kanisa zilimsumbua Njogu. Alhamisi alisema kesho, Ijumaa akasema kesho, na kesho ikawa ndiyo Jumamosi ya ruracio. Kullow alitoka kwenda Kajiado baada ya sala ya alfajiri. Wageni walifika, na yeye hajafika.

Langoni wanawake wa upande wa Virginia walikuwa wamejipanga kama inavyotakiwa, lango limefungwa, wakiwauliza wageni kwa wimbo wametoka wapi na wametumwa nini, na wageni nao wakijibu kwa wimbo na kuongeza kitu kidogo kila walipokwama. Mzee Maweu na watu wake waliimba mpaka wakakauka koo, lango likafunguliwa, wakaingizwa sebuleni. Virginia aliwakaribisha, akaona macho ya wake zao yakipita juu ya vitambaa na kuridhika. Mahali pa amplifaya palikuwa na meza tupu. Mureithi alikaa na wazee wenzake ndani ya suti yake ya kubana, akitabasamu kwa adabu. Pembeni Kui alikuwa na simu mkononi, tayari kuziamsha zile spika za kukodi.

Ndipo zogo lilipoanza upya langoni. Kullow alikuwa amefika na mzigo umefungwa blanketi, na lango lilikuwa limeshafungwa.

"Huyu ni wao, amechelewa," mmoja wa wanawake alisema.

"Mimi ni jirani," Kullow alisema. "Naishi hapo."

"Wote husema hivyo. Imba kwanza. Umetumwa nini?"

"Nimetumwa kuweka hii kitu chini. Ni nzito."

"Ameleta zawadi, lakini hataki kuimba," Soipan aliwatangazia wenzake, na wakamzunguka. Kullow, mtu wa heshima zake, na kofia yake na koti lake, alisimama pale akitafuta kwenye kumbukumbu wimbo wowote, na uliomjia ni ule wa tarumbeta wa Jumapili. Akauimba. Hakuimba maneno, kwa kuwa hauna maneno, aliimba "paa-pa-paa" kwa sauti ya kukwaruza, uso umekunjamana. Virginia aliusikia akiwa sebuleni, akatoka mbio.

"Fungueni, huyo ni wangu," alisema.

"Kwani hata Mama Kui anaolewa leo?" waliuliza, na lango likafunguka kwa vicheko.

Kullow aliingia sebuleni, akaiweka amplifaya juu ya ile meza tupu na kuvua blanketi. Taa zake, mbili zikiwa za kanisa, zilisimama pale wazi mbele ya watu wote wa mahari.

"Hiyo nayo ni nini?" mzee Maweu aliuliza.

Mureithi alikuwa amesimama. "Nilisema iende skrapu."

"Haikuenda," alisema Virginia. Alikunja mikono. "Ilienda kwa fundi. Baba Kui, niko na neno, na nitalisema hapa kabla sijaogopa. Haikulipuka yenyewe. Niliifunika na kitambaa. Niliona aibu mbele ya watu, nikaifunika ikiwa moto."

Wazee wa Maweu walisogeza viti mbele. Ruracio iliyoanza hivi haijawahi kuwa mbaya.

"Najua," alisema Mureithi.

"Unajua?"

"Kitambaa kilikuwa kinakutoka hapa." Aligusa ukosi wa shati lake. "Na kilikuwa na moshi."

Linda alianza kuchunguza dari. Kicheko kilizunguka chumba, lakini Virginia hakucheka.

"Sasa mbona hukusema?"

Mureithi alivua miwani. "Nilifikiri umechoka nayo. Miaka hii yote hujawahi kuketi usikize hata moja. Uko jikoni tu. Nikasema labda kelele yangu imemtosha mama wa watu na anaona haya kuniambia. Basi nikaiachilia iende, upumzike."

Virginia alimwangalia mume wake na moyo wake ukamwagika. Kwa hiyo ule ukimya wote, yale "mm" juu ya mboga, ilikuwa ni kumwachia nyumba. "Sikuketi kwa sababu hakukuwa na kiti," alisema. "Spika mbili, kiti kimoja katikati, na kiti ni chako. Hujawahi kusema njoo. Mimi nilikuwa nasikiliza huko jikoni. Pale klarineti inaanza kulia halafu tarumbeta inamwambia anyamaze, hapo mimi huacha viazi."

Kisha mzee Maweu akainuka, akainua kiti alichopewa cha mgeni mkuu, kitambaa na yote, akakibeba mpaka katikati ya spika na kukiweka kando ya kile cha Mureithi.

"Mama, keti," alisema. "Mimi nitapata kochi."

Mureithi aliunganisha waya, akaiwasha. Ilibidi watu wote wangoje ipate moto, na wakangoja kwa chai na mandazi, wakitazama rangi ya chungwa ikipanda polepole ndani ya vioo. Kui aliiweka simu kwenye mkoba. Mureithi aliitafuta ile santuri katonini, akaipangusa, akateremsha sindano.

Tarumbeta ilitoka kwanza, safi, na chumba kizima kikaketi wima. Klarineti ikaipanda juu, banjo ikaanza kuhesabu, na tromboni ilipojikokota kuingia, mmoja wa wazee wa Machakos akasema, "Huyo amekunywa," wote wakacheka. Miguu ikaanza kugonga sakafu. Mama yake Kitonga alitikisa mabega akiwa ameketi. Kullow aliegemea mlango, mikono imekunjwa, akamwambia kila aliyemwangalia kwamba anapumzisha mgongo tu. Mureithi alimwinamia Virginia kumwambia nani anamchokoza nani, na kabla hajafika, Virginia alikuwa ameshamwambia yeye. Walikuwa wakisengenyana wote wawili, vichwa vimekaribiana, kama watoto nyuma ya darasa. Kui aliwatazama, akamshika Kitonga mkono mbele ya wazee, jambo lisiloruhusiwa kabla ya mazungumzo, na hakuna aliyemkemea.

Santuri ikaisha, ikabaki ile sauti ya mkwaruzo. Mzee Maweu alikohoa, akashika bakora yake, akasimama kufungua shughuli iliyowaleta.

"Wenyeji wetu," alianza, "sisi hatukuja bure. Tuko na neno."

Mureithi aliinuka kuzima, maana aliahidi moja. Virginia akamshika mkono wa suti.

"Mzee Maweu, utanisamehe, kaa kwanza unywe chai," alisema, kwa heshima zake zote. "Hilo neno litangoja kidogo. Baba Kui, geuza upande wa pili."